Misigalo na Chungu cha Karanga za Sukari

Paukwa!

— Pakawa!

Sauti zenu zimelala. Sukumeni hayo magogo moto upate pumzi, kisha mniitikie kama watu walioshiba. Paukwa!

— Pakawa!

Hivyo ndivyo. Basi, zamani zile ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezishuhudia, zamani za wanyama kupiga hodi na kukaribishwa kigoda, palikuwa na mtu mmoja jina lake Misigalo. Hakuwa mtu mbaya. Alilima, alichanja kuni, hakuinua mkono kumpiga mkewe. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kila kilichopikwa nyumbani kwake alidhani kimejipika.

Mkewe aliitwa Kalunde. Kalunde alijulikana vijiji vyote vya jirani kwa karanga za sukari. Wengine walikaanga karanga, wengine walichemsha karanga, lakini za Kalunde zilivaa sukari kama shanga, kila punje na nguo yake, ukitafuna zinalia kah, kah, kah.

Mwaka ule jua lilikaa sana. Karanga za Kalunde zilikauka shambani, zikapona za kona moja tu, kule bondeni. Alizing'oa, akazianika, akazimenya, akazikaanga kwa sukari, zikajaa chungu kimoja. Akafunika chungu kwa jani la mgomba, akalifunga kwa ugwe. Zilikuwa za harusi ya mdogo wake, Nyanzala. Desturi ya kwao ilikuwa hivi: dada mkubwa wa bibi harusi ndiye anayewapokea wakwe wapya. Anapita kwa kila mmoja, anamwekea kitu kitamu kiganjani, ndipo watu wanakaa na maneno mengine yanaanza.

Siku moja kabla ya harusi, Kalunde akaenda kisimani. Misigalo alikuwa uani anacheza bao na rafiki zake watatu. Wakacheza, wakacheza, wakacheza. Mmoja wao akajishika tumbo.

“Misigalo, kwako leo pana msiba? Mbona hatutafuni kitu?”

Misigalo akaona haya. Akaingia ndani, akakikuta chungu, akakata ugwe. Wakala kiganja cha kwanza. Wakala kiganja cha pili. Wakala kiganja cha tatu. Kete za bao zikaanza kunata kwa sukari, wakawa wanazilamba ndipo wanazitia mashimoni. Walipoondoka, chungu kilikuwa kitupu.

Kalunde akarudi na mtungi kichwani. Akaliona jani la mgomba liko chini, kuku wanalidonoa. Akautua mtungi taratibu.

“Nani amefungua?”

“Walikuja wageni,” akasema Misigalo.

“Ulijua ni za nini?”

“Nilijua. Lakini ni karanga, Kalunde, si ng'ombe. Utakaanga nyingine.”

“Za shamba lipi?”

Kalunde hakupiga kelele, na hilo lilimfurahisha mumewe, maana alidhani jambo limekwisha. Asubuhi Kalunde akajifunga kanga, akaenda harusini kwa wazazi wake, mbali kupita vilima vitatu, akiwa hana kitu mkononi. Harusi ikafanyika, ikaisha. Yeye hakurudi.

Misigalo akangoja siku ya kwanza. Akangoja siku ya pili. Akangoja siku ya tatu. Akapika ugali, ukawa uji. Akapika tena, ukawa jiwe. Mwezi ukaandama, ukapevuka, ukafa. Nyumba ikawa kubwa kupita alivyoikumbuka, na jioni alijikuta akikohoa ili asikie sauti ya mtu. Ndipo akavaa, akachukua chungu kitupu cha mkewe, akavuka vilima vitatu.

Alipofika alimkuta baba mkwe, Mzee Shigela, anasuka kamba mbele ya nyumba.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Kaa.”

Akakaa. Na huko kwao, sikilizeni, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Kwa hiyo Misigalo aliupa mlango mgongo, na mama mkwe akasema naye toka ndani, nyuma ya ukuta wa matete.

“Ni nani huyo aliyekaa nje?”

“Ni mimi, mama. Misigalo.”

“Aa. Yule mwenye wageni.”

Misigalo akatazama vidole vyake vya miguu.

Mzee Shigela akasema, “Binti yangu alisimama mbele ya wakwe wa mdogo wake. Walimnyooshea viganja. Wazee kwa vijana, viganja wazi. Hakuwa na la kuweka. Mmoja wao akauliza kama hapa kwetu tunawapokea watu kwa hewa.”

“Nimekosa, baba.”

“Usiniambie mimi. Mimi nasuka kamba.”

Kalunde akatoka. Alikuwa amenenepa kidogo, na hilo lilimchoma Misigalo kuliko maneno ya mzee.

“Twende nyumbani, Kalunde.”

“Chungu changu umekileta kitupu.”

“Nilikileta ili...” akasita. Hakujua alikileta ili iwe nini.

“Rudi nacho,” akasema Kalunde. “Niletee karanga zako za sukari, zijae kama nilivyojaza mimi. Nami sikuwekei siku. Ila mvua ya kwanza ikinikuta hapa, nitalima hapa. Na mtu akishalima mahali, unajua, haondoki tena hovyo.”

Misigalo akatazama mbingu. Ilikuwa nyeupe kama sahani. Akafurahi, akaona ana muda tele. Akarudi anapiga mluzi.

Huyo moja kwa moja hadi kwa jirani yake, Mama Ngollo, mwanamke hodari wa jikoni.

“Mama Ngollo, unazo karanga?”

“Za mwisho. Nilizifichia siku ya shida.”

“Siku yenyewe imefika, ila ni ya kwangu. Nikaangie kwa sukari, nami nitakuchanjia kuni hadi ukuta wako usionekane.”

Mama Ngollo akakubali. Misigalo akachanja kuni siku tatu, Mama Ngollo akakaanga asubuhi moja. Karanga zikatoka nzuri, zinang'aa. Misigalo akazijaza chunguni, akafunga kwa jani, akavuka vilima vitatu. Akakaa palepale, akaupa mlango mgongo. Chungu kikapelekwa ndani. Akasikia kah, kah, kah.

“Kalunde,” ikasema sauti ya mama mkwe, “wewe unatia iliki?”

“Sitii, mama.”

“Hizi zina iliki. Namjua mmoja tu anayetia iliki. Aliwahi kutuletea hapa. Mwenye mwanya.”

“Mama Ngollo,” akasema Kalunde. Akatoka, akasimama mbele ya mumewe. “Nilikuambia uniletee nini?”

“Karanga.”

“Nilikuambia karanga zako.”

Misigalo akarudi. Safari hiyo hakupiga mluzi. Kilima cha pili aliona wingu, dogo, limekaa upande wa mashariki kama mtu anayesubiri kuitwa.

Sasa, karanga atazitoa wapi? Mashamba makavu, maghala matupu, akiba ya Mama Ngollo imekwisha. Misigalo akazunguka nyuma ya ghala lake, pale penye shimo aliloziba kwa miiba mwaka hadi mwaka. Ndimo alimokaa Buku, yule panya mkubwa mwenye mashavu ya kubebea mizigo. Misigalo akachuchumaa.

“Hodi, Buku.”

Kimya.

“Hodi, Buku.”

Kimya.

“Hodi, Buku. Sikuja na jembe.”

Masharubu yakatokea kati ya miiba. “Umekuja na nini?”

“Na shida.”

“Hiyo ninayo yangu. Tangu mkeo aondoke, hakuna punje inayodondoka kwenye uwanja huu. Wewe unakula ugali mgumu, hata makombo yake yananivunja meno.”

“Nataka karanga, Buku. Najua unazo. Shamba langu ulilivuna kabla yangu miaka yote.”

Buku hakukana. Akajikuna sikio. “Za nini?”

Misigalo akamweleza yote: bao, wageni, harusi, viganja wazi, iliki. Buku akasikiliza hadi mwisho.

“Mimi mke wangu nilimlia akiba mara moja,” akasema. “Akanifungia nje masika mazima. Haya. Toa miiba yako yote, leo, mbele ya macho yangu. Nami nitakupa vibuyu viwili.”

Misigalo akaitoa miiba mmoja mmoja, ikamchoma kidole, ikamchoma kiganja, ikamchoma kifundo cha mkono. Alipomaliza, Buku akaingia shimoni na kutoka, akaingia na kutoka, mashavu yamejaa, hadi vibuyu viwili vikafurika.

“Sasa niambie namna ya kukaanga,” akasema Misigalo.

“Mimi?” Buku akashangaa. “Mimi natafuna mbichi.” Akaingia shimoni.

Misigalo akawasha moto. Akakaanga karanga za kibuyu cha kwanza hadi maganda membamba yakaanza kupeperuka, akazipepeta. Hapo alijisifu. Akarudisha karanga kwenye chungu, akatia maji, akatia sukari, akakoroga. Maji yakachemka, yakawa shira, yakatoa povu kubwa kubwa. Akakoroga. Shira ikawa nzito. Akakoroga. Ghafla ile shira ikapotea! Ikakauka yote, ikarudi kuwa mchanga mweupe umezishika karanga ovyo ovyo. Misigalo akaingiza kidole, akaonja. Tamu. Ina sukari, ina karanga. Wanataka nini zaidi? Akaepua, akajaza, akafunga jani, akaondoka mbio, maana lile wingu sasa lilikuwa na wenzake.

Njiani chungu kikatikisika begani mwake. Kupanda kilima, kushuka kilima, kupanda kilima, kushuka kilima, mara tatu. Akafika, akakaa, akaupa mlango mgongo. Chungu kikaingia ndani. Akasikia jani linafunguliwa. Hakusikia kah, kah, kah.

“Kalunde, njoo uone,” ikasema sauti ya mama mkwe. “Karanga zimekaa juu, sukari imekaa chini. Wamegombana njiani?”

Kikatoka kicheko nyuma ya matete. Misigalo hakutambua ni cha mama au ni cha binti. Masikio yakamwaka moto. Lakini hakuinuka.

Kalunde akatoka na punje chache mkononi.

“Hizi ni zako,” akasema.

“Ni zangu.”

“Nani alikusaidia?”

“Buku alinipa karanga. Kukaanga ni mimi.”

“Hazijaiva.”

Misigalo alikuwa ameishi na mwanamke huyu masika saba. Alimwomba maji, alimwomba chakula, alimwomba dawa ya jino linalouma. Siku hiyo akamwuliza kitu ambacho hakuwahi kukiuliza.

“Nimekosea wapi?”

Kalunde akamtazama vizuri. “Uliepua mapema,” akasema. “Ulipoona mchanga ukadhani umefika. Pale ndipo kazi inaanza.” Akampa chungu, akaingia ndani.

Misigalo akarudi karibu anakimbia. Upepo ulikuwa umegeuka, unanuka udongo. Akawasha moto, akakaanga kibuyu cha pili, cha mwisho. Akatia maji, akatia sukari, akakoroga. Ikawa shira. Ikawa povu. Ikawa mchanga.

Jogoo wake alikuwa amesimama mlangoni. “Zimeharibika,” akasema. “Mwaga, tule.”

Misigalo akavuta kuni nje, akaacha makaa tu, akakoroga.

“Nakuambia zimeharibika. Mwaga, tule.”

Misigalo akakoroga. Mkono wa kulia ukachoka, akashika mwiko kwa kushoto. Wa kushoto ukachoka, akarudi kwa kulia. Jasho likamwingia machoni, na hakuweza kulifuta, maana kila aliposita harufu ya kuungua ilipanda. Mchanga ulikuwa bado mchanga. Karanga zilisuguana chunguni zikilia kama changarawe, na yeye moyoni akaanza kuamini kwamba jogoo yuko sahihi, kwamba Kalunde alimdanganya kumkomoa, kwamba masika yatamkuta hapa na mwiko mkononi na nyumba hii kubwa.

“Mara ya tatu nasema. Mwaga, tule!”

“Toka hapa,” akasema Misigalo, “usije ukaingia chunguni wewe.”

Akakoroga. Na pale chini, upande mmoja, mchanga ukaanza kulainika. Ukaloa bila kutiwa maji. Ukawa kahawia kama asali ya miombo, ukazishika karanga, ukapanda, ukaenea, na karanga zikaanza kung'aa moja baada ya nyingine. Akakoroga kidogo tena, akaepua, akazimwaga juu ya jiwe bapa alilopaka mafuta, akazitawanya upesi kwa ncha ya mwiko zisigandane. Zilipopoa akachukua moja. Kah.

Hakula ya pili. Akajaza chungu, akafunga jani, na nje ngurumo ikapita kutoka mashariki hadi magharibi, polepole, kama mtu anayeburuta kigoda.

Akavuka kilima cha kwanza, pakavu. Akavuka kilima cha pili, upepo. Kwenye kilima cha tatu tone la kwanza likampiga usoni, kisha la pili, kisha yote. Misigalo akavua nguo yake ya juu, akakifunika chungu, akakikumbatia tumboni, akateremka anateleza, kifua wazi, matope hadi magotini.

Alipofika shamba la Mzee Shigela, Kalunde alikuwa ndani ya shamba. Amejifunga kanga kiunoni, ana jembe, ana kibuyu cha mbegu. Mistari minne alikwisha kuipanda. Mvua ilimpiga mgongoni naye hakuijali.

Misigalo akasimama pembeni ya shamba.

“Umechelewa,” akasema Kalunde.

“Nimechelewa.”

“Nilikuambia.”

“Uliniambia.”

Akakitua chungu chini ya kibanda cha kulindia ndege, pale pasipovuja. Kalunde akaacha jembe, akaja, akanawa mikono kwa mvua. Akafungua. Akala moja: kah. Akatafuna muda mrefu. Akala ya pili. Akala ya tatu. Misigalo alisimama nje ya kibanda, maji yanamtiririka puani.

“Umeunguza kidogo upande,” akasema Kalunde.

“Niliona.”

“Zimeiva.”

Maneno yaliyobaki yalikuwa ya yule aliyechelewa.

“Twende basi nyumbani,” akasema Misigalo, ingawa alijua.

“Nimeshapanda. Siwezi kufukua mbegu kwa sababu umefika. Nilisema nitalima hapa, na hapa ndipo ninapolima.”

Misigalo akaitazama ile mistari minne. Akalitazama shamba lililobaki, lilikuwa kubwa. Pale kibandani palikuwa na jembe jingine, kuukuu, mpini umepasuka. Akaliokota.

“Unalima kuelekea huku au kule?” akauliza.

“Kuelekea kule. Na usichimbe kina sana, karanga si mihogo.”

Akaanza mstari wa tano.

Jioni Kalunde alibeba chungu nyumbani. Misigalo akakaa nje akiupa mlango mgongo, akasikia kah, kah, kah, nyingi, zinafuatana. Baada ya muda mkono wa mama mkwe ukatoka mlangoni, umeshika bakuli la ugali na mlenda, ukaliweka nyuma yake, ukarudi ndani.

Wakampa nafasi ghalani, akatandika mkeka wake kati ya vilindo, yale mapipa ya magome ya kuwekea nafaka. Watu wakacheka: mwanamume mzima amehamia kwa wakweze. Yeye akapanda. Mbegu zikachipua, akapalilia. Kalunde alipalilia upande huu, yeye upande ule, na walipokutana katikati ya shamba walizungumza habari za magugu. Siku nyingine walizungumza habari nyingine. Siku moja Kalunde akamwonyesha namna ya kuinulia udongo shinani bila kukata mizizi, akaushika mkono wake kumwelekeza, na hakuuachia upesi.

Karanga zikatoa maua, yale madogo ya manjano yanayojificha chini ya majani. Mvua haikuwa imepungua. Jioni ile Misigalo alikuwa anakung'uta mkeka wake ili aende ghalani. Kalunde alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake cha kulala, uani kwa wazazi.

“Ghalani kuna unyevu,” akasema.

“Nimeuzoea.”

“Najua umeuzoea. Lete mkeka.”

Akaupeleka.

Msimu ulipokwisha walivuna pamoja, wakawaachia wazee fungu lao, wakavuka vilima vitatu kila mtu na mzigo wake kichwani.

Nami hadithi nimeitua hapo. Anayetaka kuibeba, aibebe.